Dakika Chache Juu ya Unguja

Babu yangu mzaa mama alikuwa mlinzi wa geti. Kuanzia mwaka 1961 hadi mwanzo wa 1964 alikaa kwenye kibanda cha mabati pale Tunguu, kisiwani Unguja, akifungua na kufunga njia ya magari ya Wamarekani. Ndani ya uzio kulikuwa na majengo ya chini, jenereta isiyonyamaza na milingoti yenye nyaya zilizoelekezwa mawinguni. Watu wa mjini walisema ni makombora. Watu wa shamba walisema ni redio ya kusikiliza malaika. Babu, aliyekuwa karibu kuliko wote, hakusema kitu. Alipoulizwa alijibu kwamba yeye kazi yake ilikuwa geti.

Nilikwenda Washington Aprili 2017 kumtembelea dada yangu mdogo, anayeishi upande wa Maryland. Sikwenda kwa ajili ya babu. Lakini siku ya pili tu nilimwambia mpwa wangu, kijana wa miaka kumi na mmoja, kwamba nataka anipeleke kwenye Makumbusho ya Taifa ya Anga ya Juu na Usafiri wa Ndege. Akaniuliza, "Mjomba, unapenda roketi?" Nikamwambia kuna kitu kimoja ninataka kukiona kwa macho yangu.

Tulishuka treni kituo cha L'Enfant Plaza, tukatembea mitaa michache kwenye baridi ambayo wenyeji waliiita joto la masika. Makumbusho yale, yaliyofunguliwa Julai 1976, yako kwenye uwanja mrefu wa majani unaoanzia Bunge la Marekani. Hakuna kiingilio. Unapitisha mkoba wako kwenye ukaguzi, unaingia, na jambo la kwanza linalokupata ni shingo kuuma, kwa sababu vitu vyenyewe vinaning'inia juu ya kichwa chako. Kuna ndege ya Charles Lindbergh iliyovuka Atlantiki mwaka 1927. Siku ile kulikuwa pia na ndege ya roketi X-15, nyeusi na nyembamba kama papa. Mpwa wangu alikuwa akivuta mkono wangu kila upande, naye akijua majina yote.

Nilikuwa natafuta chombo cheusi, na nilipokiona nilipita kwanza. Sikuamini kwamba ndicho.

Friendship 7 ni kidogo. Nimeisoma habari yake kwa miaka mingi, na bado sikuwa tayari kwa udogo ule. Umbo lake ni kama kengele, au kama chungu kilichofunikwa kifudifudi: kitako chake kina upana usiofika mita mbili, na kimo chake hakifiki mita tatu. Ngozi yake ni mabati yenye mikunjo, meusi, na kitako kimeungua kama sufuria iliyosahauliwa motoni. Ubavuni kuna jina lake limeandikwa kwa mkono, kwa herufi za kulala, kazi ya mchoraji Cecelia Bibby. Maana yake ni urafiki, na saba ni kwa sababu wanaanga wa kwanza wa Marekani walikuwa saba. Ukichungulia ndani unaona kiti kimoja, swichi nyingi kuliko unavyoweza kuhesabu, na nafasi ambayo hata mtu wa wastani angepakata magoti. Humo alikaa John Glenn, mtu wa miaka arobaini, tarehe 20 Februari 1962, kwa saa nne na dakika 55, akaizunguka dunia mara tatu.

Glenn alifariki Desemba 2016, akiwa na miaka 95. Tarehe 6 Aprili 2017, siku mbili kabla ya sisi kuingia mle ndani, alizikwa Arlington, ng'ambo ya Mto Potomac. Watu waliokuwa wakisimama mbele ya chombo walikuwa wakilizungumza hilo kwa sauti ya chini, kama watu waliotoka matangani.

Nilikaa pale muda mrefu. Mpwa wangu alichoka, akaenda kwenye jiwe la mwezi, akarudi. Mimi nilikuwa nikifikiria jambo moja: kwamba chombo kile, kidogo kama kile, hakikuweza kwenda peke yake.

Mtu aliyekulia pwani atalielewa hili upesi. Jahazi likitokea upande wa Pemba, unaliona tanga kwanza, kisha mwili. Likienda, mwili hutangulia kuzama kwenye upeo na tanga hufuata. Mawimbi ya redio ya chombo cha angani nayo huenda moja kwa moja, hayapindi kufuata mgongo wa dunia. Friendship 7 ilipita kwenye kimo cha kati ya kilomita 160 na 260 hivi, kwa mwendo wa karibu kilomita nane kila sekunde. Kwa hiyo kituo chochote cha ardhini kilikuwa na dakika chache tu za kukisikia chombo, tangu chombo kinapochomoza upande mmoja wa upeo hadi kinapotua upande wa pili. Wakati huo hapakuwa na satelaiti za kupokezana mazungumzo. Ikabidi Wamarekani wapange masikio yao kuizunguka dunia, mmoja baada ya mwingine chini ya njia ya chombo. Vilikuwa vituo 18, viwili kati yake vikiwa ndani ya meli.

Mzee mmoja wa kujitolea, mwenye beji ya makumbusho kifuani, aliona nimeganda pale akaja. Aliniuliza natoka wapi. Nilipomjibu "Zanzibar" hakuniuliza iko nchi gani, kama nilivyokwisha kuzoea. Alifumba macho, akaanza kutaja, taratibu, kama mtoto anayesoma alichokihifadhi chuoni: Cape Canaveral, Bermuda, meli ya Atlantiki, Canary, Kano, Zanzibar, meli ya Bahari ya Hindi, Muchea, Woomera, Canton, Hawaii, Point Arguello, Guaymas, White Sands, Corpus Christi, Eglin. Akafumbua macho. Mwaka 1962, alisema, alikuwa mwanafunzi wa sekondari, na mwalimu alileta redio darasani. Kila jina la kituo lilipotajwa walichomeka pini kwenye ramani. Pini ya Zanzibar aliichomeka yeye.

Sikuweza kusema neno kwa muda. Kisha nikamwambia habari ya geti.

Aliniomba nimsubiri, akaleta kiti cha kukunja, tukazungumza mpwa wangu akiwa katikati yetu. Alinieleza kilichofanyika dakika zile. Glenn aliporuka kutoka Florida alivuka Atlantiki, akaingia Afrika kwa upande wa magharibi, akaongea na Kano. Aliona tufani ya vumbi na moto wa nyika. Kisha Zanzibar ikampokea. Daktari aliyekuwa kituoni Tunguu alifuatilia mapigo ya moyo wake. Glenn alikuwa amefungiwa mpira wa kuvuta, akauvuta kwa nguvu, mapigo yakapanda, halafu yakashuka upesi kama ya mtu mzima wa afya. Leo hilo linaonekana jambo dogo. Lakini siku ile wapo madaktari waliohofia kwamba mwili wa binadamu usingestahimili hali ya kukosa uzito: kwamba macho yangepoteza umbo, kwamba mtu asingeweza kumeza. Glenn alimeza. Alinyonya tofaa lililosagwa kutoka kwenye mrija wa chuma laini, nalo likashuka bila tatizo.

Nikauliza ilikuwa saa ngapi. Mzee akasema Glenn aliruka saa 9:47 asubuhi, kwa saa ya kule. Mimi hesabu ya tofauti ya saa nimeizoea kwa sababu ya kumpigia simu dada yangu, nikaipiga mara moja. Hiyo ni saa kumi na moja na dakika 47 jioni kwetu. Ongeza nusu saa kasoro ya kuvuka bahari na bara zima, unapata saa kumi na mbili na robo, jua likiwa linaelekea kuzama. Halafu, sijui kilichonisukuma, nikatoa simu nikabadilisha tarehe kwenda mwaka wa Hijria. Tarehe 20 Februari 1962 ilikuwa katikati ya Ramadhani ya mwaka 1381.

Nilimweleza mzee yule, naye akaomba nirudie. Nusu saa kabla ya magharibi, mwezi kumi na nne au kumi na tano wa Ramadhani. Huo ndio wakati kisiwa kizima hukaa kimya. Muhogo wa nazi umeshaepuliwa, uji umefunikwa, watoto wanachungulia kwenye upenu kusikiliza adhana, na watu wazima hawataki kuzungumzishwa. Juu ya kimya hicho, kwa kilomita zaidi ya mia moja na sitini, mtu alikuwa akipita akivuta mpira, na mtu wa Tunguu akimhesabia mapigo ya moyo. Baada ya hapo Glenn aliingia Bahari ya Hindi, akaliona jua likizama nyuma yake kwa kasi ambayo hakuna mtu wa ardhini amewahi kuiona, na usiku ulipofunga aliona mawingu yakimeremeta kwa mwanga wa mwezi. Ulikuwa ni mwezi ule ule uliowamulika watoto wa Tunguu baada ya tarawehe.

Safari yenyewe haikuwa nyepesi. Mtambo wa kukinyoosha chombo uliharibika, akalazimika kukiongoza kwa mkono. Asubuhi ya kwanza aliyoiona kule juu, juu ya Pasifiki, aliona maelfu ya vimulimuli vikielea nje ya dirisha lake, na hakuna aliyeweza kumwambia ni nini. Miezi mitatu baadaye mwenzake Scott Carpenter aligonga ukuta wa chombo chake akaviona vikiruka: vilikuwa vipande vya barafu kutoka kwenye chombo chenyewe. Jambo la kutisha zaidi lilikuwa taa moja kule Cape Canaveral iliyoashiria kwamba ngao ya joto, ile iliyokaa kitakoni, imelegea. Ngao ikichomoka, mtu anaungua. Vituo vilianza kumwuliza Glenn kuhusu swichi fulani bila kumwambia kwa nini, na yeye akatambua kwamba kuna kinachofichwa. Mwisho waliamua asiuache mzigo wa injini ndogo uliofungwa juu ya ngao, ili mikanda yake iishikilie. Wakati wa kurudi mikanda na injini ziliungua vipande vipande zikipita mbele ya dirisha lake, naye hakujua kama kinachoungua ni mzigo au ni ngao. Ngao ilikuwa nzima. Kilichokuwa kibovu ni kiashirio.

Niliinama nikatazama tena kitako kile kilichoungua. Mpwa wangu naye akainama. "Kwa hiyo angeweza kufa hapa?" akauliza. Nikasema ndiyo, hapa hapa.

Kabla ya safari, Glenn hakutaka kutegemea kompyuta peke yake. Aliomba hesabu za njia yake zirudiwe kwa mkono na Katherine Johnson, mwanamke Mweusi wa Virginia aliyefanya kazi katika ofisi za NASA enzi ambazo sheria za jimbo lake bado zilitenganisha watu kwa rangi. Wiki zile filamu iliyohusu maisha yake na wenzake ilikuwa bado inazungumzwa kila mahali, na mbele ya chombo niliwasikia wasichana wawili Weusi wakilitaja jina lake kwa sauti, kwa fahari.

Tulizunguka kumbi nyingine. Nitazitaja zile zilizonishika tu. Jiwe la mwezi ambalo mpwa wangu alilikimbilia ni kipande cha mwamba mweusi kilicholetwa na Apollo 17 mwaka 1972, safari ya mwisho ya binadamu kushuka kule, na wageni wanaruhusiwa kukigusa. Mamilioni ya vidole vimekipitia hadi kimekuwa laini na chenye kung'aa, kama saruji ya baraza za Mji Mkongwe pale watu wanapokaa kila alasiri. Kina umri wa mabilioni ya miaka. Niliweka kidole, nikakiacha, watu nyuma yangu wakinisubiri.

Katika ukumbi mwingine ilisimama V-2, roketi ya Wajerumani ya Vita vya Pili, ndefu, imepakwa rangi nyeusi na nyeupe. Wengi walikuwa wakipiga nayo picha. Mimi sikuweza. Roketi hizo ziliundwa katika mahandaki na wafungwa waliolazimishwa, na maelfu yao walikufa kwa njaa, maradhi na kipigo. Msanifu wake, Wernher von Braun, ndiye baadaye aliyeongoza kazi ya roketi iliyowapeleka Wamarekani mwezini. Mtu anayetoka mji wenye Mkunazini, ambako watu waliuzwa sokoni, hawezi kusimama mbele ya chuma kama kile akauliza tu kiliruka umbali gani. Nilimweleza mpwa wangu kwa maneno machache. Alikuwa na umri wa kujua.

Tulipokuwa tukila mkate na samaki alioufunga dada yangu, kijana aliniuliza kama Afrika iliwahi kurusha kitu. Nikafurahi ameuliza. Nilimwambia kuhusu Ngomeni, karibu na Malindi, ambako Waitalia walisimamisha majukwaa ya miguu ya chuma ndani ya bahari ya Kenya. Walipachagua kwa sababu pako digrii tatu tu kusini ya ikweta, mahali ambapo dunia yenyewe, kwa kuzunguka, huipa roketi msukumo wa zaidi ya kilomita 1,600 kwa saa bila malipo. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, roketi ya Scout iliondoka pale na satelaiti ya Marekani. Meneja wa mradi, Marjorie Townsend, aliipa jina la Kiswahili: Uhuru. Ilikuwa satelaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kuangalia eksirei kutoka angani. Ilichora ramani ya vyanzo 339 vya eksirei, na vipimo vyake juu ya Cygnus X-1 viliwafikisha wanasayansi karibu na kusadiki kwamba mashimo meusi yapo kweli. Riccardo Giacconi, aliyeongoza sayansi yake, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Wanaastronomia wa dunia nzima, Wajapani kwa Warusi, wanaandika neno hilo katika vitabu vyao, na neno ni letu. Mpwa wangu alilirudia mara mbili kwa lafudhi yake ya Maryland.

Tunguu haikuachiwa jina lolote namna hiyo. Wapinzani wa kituo walikiandamania tangu mwanzo, wakihofia kisiwa kugeuzwa shabaha katika ugomvi wa wakubwa, na sioni kwamba hofu yao ilikuwa ya kipuuzi. Dunia ya 1962 ilikuwa karibu sana kuungua. Mapinduzi yalipotokea Januari 1964 Wamarekani waliondolewa kwa meli ya kivita, na Aprili serikali mpya ikaamuru kituo kifungwe. Nyaya zikashushwa. Leo Tunguu inajulikana kwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, na vijana wanaosoma fizikia wanashuka daladala pale kila asubuhi. Nimewahi kuwauliza baadhi yao. Hawajapata kusikia. Ningependa pawe na kibao, hata cha mbao, chenye tarehe na saa. Kisisifu wala kisilaumu. Kiseme tu kwamba sauti ya mtu aliyekuwa angani ilishuka hapa, ikajibiwa.

Kabla ya kuondoka tulirudi kwenye Friendship 7. Ilikuwa saa saba mchana Washington, saa mbili usiku nyumbani. Nikampigia mama simu ya video. Yule mzee wa kujitolea alikuwa bado yupo, akasogea.

"Mama, shikamoo. Unakumbuka Ramadhani ile babu yuko Tunguu, siku Wamarekani walipopiga kelele usiku?"

"Marahaba. Nakumbuka vizuri. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nilimpelekea futari getini, akanikataza nisiseme. Ndani kimya, mlango umefungwa, hata jenereta naona ilikuwa inavuma polepole. Akaniambia nirudi, atafuturu baadaye. Akafungulia kwa maji tu. Usiku mkubwa ndio wakatoka wale Wazungu wanarukaruka, mmoja akaja akamshika babu yako mikono yote miwili, anaitikisa. Babu yako hakujua anapongezwa kwa lipi."

Usiku mkubwa. Chombo kilitua baharini saa nne na dakika 43 kwa saa za Unguja.

Niligeuza simu. Mpwa wangu akaishika akainyanyua juu, ili bibi yake aone jina, aone dirisha, aone kitako kilichoungua. Mama alinyamaza. Tulisikia kunguru wa Unguja wakigombania kulala kwenye mwembe, ndani ya ukumbi ule wa Washington.

"Ndicho hicho?" akasema mwisho. "Sisi tulidhani kina ukubwa wa meli."

Mzee aliniuliza anasema nini. Nikamtafsiria. Akatoa kijitabu mfukoni, akaandika, kisha akaomba nimwulize mama kama kuna jingine analolikumbuka la siku ile, lolote, hata dogo.

Nikamwuliza.

"Mwambie muhogo ulipoa," alisema mama. "Nilirudi nao nyumbani, umeganda tui juu, na bibi yako akanigombeza."

Mpwa wangu ndiye aliyetafsiri, kwa Kiingereza chake kizuri, neno kwa neno, na mzee yule akaandika na hilo.